Taa Zenye Mtoto wa Jicho

Juzi nilipita pale Nyasho, kwa nyie vijana mnaosafisha taa za magari, nikasimama pembeni kama mteja asiye na gari. Nikamwona mmoja wenu anamimina dawa kwenye kile kikombe cha mvuke, anakipitisha mbele ya taa iliyopauka, na kufumba na kufumbua taa inang'aa. Nilitamani kupiga makofi. Halafu nikamwona anafanya taa zote mbili, anakusanya vyombo vyake, ndipo anamwita mwenye gari aje achukue mali yake. Hapo moyo ukaniuma kidogo. Kazi haikuwa mbaya hata chembe, ila aliruka kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kimenifanya nikae chini niwaandikie. Najijua, nitazunguka sana kabla sijakifikia. Mtu mzima akianza safari ya Bunda, lazima kwanza aage Musoma nzima.

Kwa msionijua, naitwa Nyanjura. Nimezaliwa Bugwema kwenye mashamba ya mihogo na ng'ombe, nikaolewa mjini, nikaingia gereji kwa mlango wa cherehani. Nilikuwa nashona makava ya viti vya magari kwenye kibanda kimoja Mwigobero, karibu na maji. Kibanda hicho tulipanga pamoja na fundi wa taa, Mzee Masatu, mtoto wa wavuvi wa huko rasini, mtu mrefu mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Mimi upande huu na vitambaa, yeye upande ule na ndoo ya maji na msasa. Siku moja aliniona nachagua kitambaa huku nimegeukia kwingine napiga soga na mteja, vidole tu ndivyo vinachagua. Akasema, "Huyu mama vidole vyake vinaonaga." Tangu siku hiyo, kila nilipokosa viti vya kushona, aliniita nimshikie tambala, kisha nimshikie msasa, na mwisho cherehani ikaota kutu. Nimesugua taa mpaka bega langu la kulia lilipokataa, na sasa nimestaafu nalima mchicha.

Mzee Masatu, Mungu amweke pema, hakuwahi kusema taa imepauka au imefubaa. Alisema ina mtoto wa jicho. Mteja akifika, anaizunguka gari mara moja, anainama mbele ya bampa, anaitazama ile taa ya njano yenye ukungu na kumwambia mwenyewe kwa upole wa daktari, "Ndugu yangu, gari yako ina mtoto wa jicho. Pole sana." Watu walicheka, lakini walielewa haraka kuliko ukiwaeleza habari za koti la juu lililochomwa na jua. Wengine walirudi nyumbani na kuanza kuwaangalia baba zao machoni. Mpaka leo Musoma utasikia watu wanaiita hivyo, na wengi hawajui neno hilo lilianzia wapi. Lilianzia kibandani kwetu.

Neno baya lilikuwa lile jingine, kioo. Wote tunasema kioo cha taa, na taa za magari ya sasa hazina kioo, ni plastiki. Jina likidanganya, mkono nao unadanganyika. Alikuja jamaa mmoja muuza dagaa, mtu msafi, shati limepigwa pasi, gari dogo la zamani. Aliposikia kioo, akakumbuka mama yake alivyokuwa anang'arisha sufuria kando ya ziwa, majivu na mchanga na nguvu za mkono. Akazisugua taa zake hivyohivyo asubuhi nzima, kisha akatuletea kwa kujivuna tumalizie tu. Zile taa zilikuwa na mikwaruzo ya kuweza kushika mbegu. Mzee Masatu aliziinamia muda mrefu. "Umeosha vizuri sana," akamwambia. "Sasa tuinjike maji ya ugali." Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, na alikuwa mteja wetu kwa miaka yote iliyofuata.

Basi jambo la kwanza, msiguse taa kwa msasa kabla hamjaimwagia maji. Hili nyie wa siku hizi mnaliona la kizamani, na mnakosea. Mwaga maji safi kikombe kimoja juu ya taa na uitazame. Ikiwa maji yakiwa bado juu yake taa inaonekana safi, na yakikauka ukungu unarudi, ujue ugonjwa uko nje, msasa utautibu. Ikiwa imelowa na bado ina ukungu uleule, ugonjwa uko ndani. Hapo unaweza kusugua mpaka plastiki iwe nyembamba kama ganda la kitunguu na usipate kitu. Taa ya namna hiyo inafunguliwa. Mzee alikuwa akiniambia, "Usimsuguage mtu nje kwa ugonjwa wa ndani." Likumbukeni hilo, litarudi.

Ukisha kujua ugonjwa uko nje, funga tepu ya karatasi kuizunguka taa, maana msasa haujui taa inaishia wapi na rangi ya boneti inaanzia wapi. Kisha maji, na maji tena. Anza na msasa mkali wa maji, sugua kwenda kushoto na kulia tu, usizungushe mkono kama unapaka mafuta mtoto. Mwanzoni maji yatatoka ya njano. Hilo ni koti la zamani linaondoka. Usiridhike mpaka yatoke meupe. Ukihamia msasa laini, geuza, sugua juu na chini, ili mikwaruzo ya kwanza iliyobaki ijitokeze uione. Halafu laini zaidi, na umegeuza tena. Wakati huo taa inakuwa mbaya kuliko ilivyokuja, nyeupe tupu, na mteja akichungulia anaweza kulia. Mwalimu mmoja wa Bunda alishika kichwa akauliza kama anaweza kurudishiwa ukungu wake.

Na ni hapo kwenye msasa laini ndipo nilipomwona Mzee Masatu akifanya kitu ambacho sijawahi kumwona fundi mwingine akikifanya. Alichuchumaa mbele ya taa iliyolowa, akaifuta, akaiwekea shavu. Shavu kabisa, la kulia, amefumba macho, kama anasikiliza mtu anayeongea mle ndani. Kisha akasema, "Huku chini kwenye kona bado." Nikapitisha vidole vyangu, vile alivyovisifia, nisione kitu. Nikachukua msasa nikarudia ile kona, na maji yakatoka na njano kidogo. "Vidole vya fundi vinadanganyaga," akaniambia. "Vimeshika spana, vimeshika petroli, vina sugu. Shavu halijawahi kushika spana." Nilimpenda mzee yule kwa maneno kama hayo. Wapo mafundi wenye vyombo, na wapo wenye maneno. Yeye alikuwa na maneno, na kazi yake ilifanana nayo.

Baada ya msasa ni polishi, na baada ya polishi ni klia, lile koti jipya la kupulizia linalozuia jua. Klia ndiyo roho ya kazi. Ukisugua taa na usiiwekee klia, itang'aa siku ya kwanza na kabla ya masika kuisha itakuwa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu umeivua nguo na kuiacha juani. Ndiyo maana alikataa katakata kuanza kazi kama kopo la klia halijafika. Mteja aseme ana haraka, aseme ana harusi, atamwambia, "Sikuvui nguo wakati sijui utavaa nini."

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui wa klia ambaye mafundi wa mikoa mingine hawamjui. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, mnawajua. Siku moja kibanda kilijaa, tukasogeza gari nje, tukapuliza klia taa nzuri kama jicho la ndama. Upepo ukageuka. Ule moshi ukatujia kimyakimya, na tulipofumbua macho taa ilikuwa na ndevu. Mzee aliitazama, akanitazama mimi niliyekuwa natema wadudu, akasema, "Nyanjura, kaanga nyanya, kitoweo kimejileta." Tukairudia kazi yote. Tangu hapo hakufungua kopo la klia kabla hajatoka nje ya kibanda na kulitazama ziwa, mbali kabisa, kuona kama kuna moshi unapanda.

Kisha miaka ikapita na akaanza kuniuliza mimi. Alikuwa amesimama palepale alipozoea kusimama, uso umeelekea majini, kopo mkononi, na ananiuliza, "Nyanjura, ziwa likoje?" Namjibu limetulia, au namjibu ngoja, kuna moshi upande wa visiwani. Nilidhani ananifundisha. Nilijiona nimepanda cheo.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma Nyasho. Mzee Masatu alikuwa na desturi ambayo hakuivunja hata mvua ikinyesha. Alifanya upande mmoja kwanza. Anaimaliza taa moja mpaka polishi, anaacha ya pili na ukungu wake, anajifuta mikono na kumwita mwenye gari. Anamwambia awashe taa, asimame mbele. "Hii ndiyo uliyokuja nayo. Hii ndiyo utakayoondoka nayo. Niendelee?" Halafu ananyamaza. Hasemi neno mpaka mwenye gari ajibu kwa mdomo wake. Wengine walikasirika, unaniuliza nini na mimi nimekuletea gari mwenyewe! Alinyamaza tu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawasumbua watu, akasema, "Mtu haonagi kwamba alikuwa haoni. Ukimfungulia pande zote mbili kwa mpigo, anafikiri alikuwaga hivyo siku zote. Mpe upande mmoja aone alikokuwa."

Siku ninayotaka kuwasimulia alikuja Magesa. Magesa ni mtu wa Buswahili, anaegesha Butiama mjini, na gari lake dogo la zamani ndilo linalowashusha wajawazito wa vijiji vya huko kwenda kujifungua kabla jua halijatoka. Taa zake zilikuwa mbovu mno, alisema alfajiri anaendesha kwa kukisia, ng'ombe anamwona akiwa tayari ameshafika kwenye boneti. Mzee akamwonea huruma, akaanza kazi saa ileile. Niliona anaiwekea taa shavu mara nyingi kuliko kawaida, nikasema labda ni kwa ajili ya wajawazito. Taa ya kushoto ikatoka safi ajabu, kazi ya kupigia picha. Akajifuta mikono, akamwita Magesa. Magesa akaingia kwenye gari akawasha, akatoka, akasimama mbele.

Mzee alikuwa anazitazama zile taa, uso umezielekea hasa.

"Washa basi tuone," akasema.

Magesa akanitazama mimi. Kibanda kilikuwa na kivuli, taa moja inawaka kali na ya pili inawaka njano, hata kipofu wa hadithi angehisi mwanga wake.

"Zinawaka, mzee," Magesa akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Mzee Masatu alinyoosha mkono, akagusa taa, akalisikia joto lake, na akauacha mkono pale. Nikaelewa yote kwa pamoja, lile shavu, lile swali la ziwa, zile siku aliponiomba nimsomee namba ya msasa akisema miwani yake ameisahau, wakati hakuwahi kuwa na miwani. Yule aliyewaambia watu wa Mara nzima kwamba magari yao yana mtoto wa jicho yeye mwenyewe alikuwa na watoto wa jicho wawili, mmoja kila upande, na alikuwa amefanya kazi bora kuliko mafundi wote wa mji huu akiwa anaona moshi mtupu. Nilijisikia vibaya kwa kutojua, lakini zaidi nilishangaa. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye saa ile, amesimama na mkono juu ya taa.

Magesa akasogea karibu. Alisema wiki ile kuna kambi ya macho Bunda, wametangaza kwa spika mpaka Butiama, madaktari wanatoa mtoto wa jicho na mtu anarudi nyumbani anaona. Tena akasema atampeleka yeye mwenyewe.

"Siendi," akasema Mzee.

"Baba, kwa nini?" nikamuuliza.

"Nyanjura, wewe ni fundi. Nikuulize kifundi. Hao watu watanisugua jicho, sivyo? Wataondoa ukungu, nitaona vizuri wiki mbili tatu. Klia wataniwekea ipi? Nani amekuambiaga kuna klia ya jicho? Masika ikifika nitakuwa giza kabisa. Sasa hivi naona kidogo. Naona mtu anapita. Hicho kidogo nitakisuguisha kwa nini?"

Ndiyo sheria yake mwenyewe, usimvue mtu nguo kama hujui atavaa nini, na aliyenifundisha kuiamini ni yeye. Mnaweza kucheka, mkasema mzee hakusoma. Mimi sikucheka. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuondoa ukungu kwa msasa, mkimwambia kuna wengine wanaondoa ukungu wa jicho, mnataka afikirie chombo gani? Niliwaza akibaki hivyo, mwaka mmoja tu mbele hataona hata mtu anapita, na shavu peke yake halivuki barabara. Niliogopa kwa kweli. Niliogopa kumwona ameketishwa nyumbani rasini, anashikwa mkono kwenda chooni, mtu yule.

Nikarudi kwenye mashine yangu ya kufikiria, yaani ndoo ya maji. Nilikuwa naosha matambala nilipokumbuka. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Baba, asubuhi unanawa uso?"

"Nanawaga. Umeniona mchafu?"

"Ukinawa, maji yakiwa bado kwenye macho, ukungu unaondoka?"

Alijua ninakoelekea kabla sijafika, maana njia ile aliichonga yeye.

"Hauondoki," akasema.

"Basi ugonjwa uko ndani. Ugonjwa wa ndani hausuguliwi, unafunguliwa. Hao wa Bunda sijui wanafanyaje, lakini kama wanajua kazi yao hawawezi kukusugua. Twende ukawaulize wewe mwenyewe, kifundi. Wakikujibu vibaya, turudi."

Akageuza uso upande alikokuwa Magesa. Kisha akasema, "Magesa, hiyo gari ina mafuta?"

Tukaenda Bunda vilevile, na gari lenye taa moja safi na moja ya ukungu. Njiani Mzee alikaa mbele. Kambini watu walikuwa wengi, wazee wa kutoka kila upande, wameshikwa mikono na wajukuu. Nesi aliyetupokea alikuwa mama mwenye kicheko cha karibu, na kwa bahati nzuri hakuwa na haraka na watu. Mzee hakumpa nafasi ya kuuliza jina.

"Mwanangu, mnasugua au mnafungua?"

Nesi akanitazama. Nikamwambia huyu ni fundi wa taa za magari, mjibu hivyohivyo alivyouliza.

"Tunafungua, babu," akasema. "Hatusugui kitu. Ndani ya jicho kuna lenzi, ndiyo imeingia ukungu. Tunaitoa hiyo, tunaweka mpya."

"Mnaweka spea?"

"Tunaweka spea."

Uso wa Mzee ulianza kulegea, halafu ukakaza tena. "Ya kioo?"

"Hapana, babu. Ni kama plastiki."

Nilifumba macho. Katika maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo nisilotaka alisikie.

"Plastiki!" Wazee wa kwenye benchi waligeuka wote. "Mimi nimesugua plastiki tangu nikiwa na meno yote. Hakuna ninachokijuaga kama plastiki. Inapaukaga hiyo! Nyanjura, twende."

Nesi hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Babu, inayopauka ni ya nje au ya ndani? Ile inayopigwa jua na vumbi la barabara."

"Ya nje."

"Hii tunaiweka ndani. Kioo chako cha mbele alichokupa Mungu kinabaki palepale, ndicho kinakinga. Tunapita pembeni, kwa tundu dogo tu."

Mzee akatafakari. Mikono yake ilikuwa inafanya kitu hewani, inazunguka nyuma ya kitu kisichoonekana, inazungusha, inavuta. Nikajua anafanya nini. "Kama kubadilisha balbu," akasema taratibu. "Taa huigusi mbele. Unapita nyuma."

"Kama balbu kabisa," nesi akasema, ingawa sidhani kama amewahi kubadilisha hata moja.

"Basi sawa. Lakini mfanye upande mmoja kwanza."

"Na sisi ndivyo tunavyofanyaga, babu. Upande mmoja kwanza."

Nilimwona Mzee anacheka kwa mara ya kwanza tangu Musoma. Akampapasa yule nesi mkono, akamwambia, "Umefundishwa na mtu mzuri."

Kesho yake asubuhi walimfungua bendeji wakamkalisha kwenye benchi la nje, kivulini. Magesa alikuwa ameegesha mbele yetu, pua ya gari imetuelekea. Mzee alipepesa jicho lake jipya, linatoa machozi, akainua kichwa, na kitu cha kwanza alichokiona duniani baada ya miaka ile yote kilikuwa bampa la Magesa.

"Nani ameachia kazi nusu hapa?" akauliza kwa ukali.

"Wewe, mzee," akasema Magesa.

Tulicheka, benchi zima likacheka, na mimi nilikuwa nalia bila aibu. Halafu Mzee akafanya vile alivyowafanyisha watu wote maishani mwake. Akafunika jicho jipya kwa kiganja, akanigeukia, akanitazama kwa lile la zamani. Akakihamisha kiganja, akanitazama kwa jipya. Akarudia tena. Nilisimama tu, sikujua niweke wapi mikono.

"Nyanjura," akasema, "una mvi."

"Nina mvi siku nyingi, baba."

"Kumbe hivi ndivyo alivyo mtu aliyekuwa ananiambia ziwa likoje."

Nesi akaja na karatasi zake, akamuuliza, "Babu, kambi ikirudi, tuendelee na hili la pili?" Mzee hakujibu. Nesi akataka kumweleza zaidi, nikamshika mkono anyamaze. Mwenyewe lazima ajibu kwa mdomo wake, na hupewi jibu la kweli kama unalivuta. Mzee alilitazama lile gari, taa ya ukungu na taa safi, kwa utulivu wote.

"Endeleeni," akasema.

Sasa mnaelewa kwa nini yule kijana wa Nyasho alinisikitisha. Kikombe chako cha mvuke ni kizuri, mwanangu, nami ningekuwa na bega ningekinunua, ila funika pua na mdomo, ile hewa si ya kuvuta. Lakini fanya upande mmoja kwanza, umwite mwenye gari, umuulize, na unyamaze. Unayempa si taa peke yake. Aliyekuwa haoni anastahili kuona alikokuwa, na kuchagua mwenyewe kuondoka.

Kazi ya Magesa niliimalizia mimi, tuliporudi Musoma. Daktari alimkataza Mzee kuinama na kukaa kwenye vumbi, kwa hiyo aliketi mlangoni mwa kibanda amevaa miwani nyeusi kama mwanasiasa, na mimi nikasugua taa ya kulia kuanzia maji ya njano mpaka meupe. Nilipomaliza polishi nikamwita. Nilitegemea atavua miwani aikague kwa jicho lake jipya, na niliogopa, maana sasa angeona kila kosa. Alivua miwani, ni kweli. Lakini aliniambia nimletee kiti mbele ya bampa, akakaa asiiname, akafumba macho yote mawili, akaiwekea taa shavu. Alikaa hivyo mpaka Magesa akaanza kukohoa.

Kisha akainuka. Nikachukua kopo la klia, nikasubiri aniulize. Safari hii hakuniuliza. Alitoka nje ya kibanda, akasimama palepale alipozoea kusimama, akaweka kiganja juu ya paji la uso, akalitazama ziwa mwenyewe, mbali kabisa, mpaka kule visiwani.

"Limetulia," akasema. "Weka klia."